Nyaya za sauti

Nyaya za sauti (pia: waya za spika, kebo za sauti) ni nyaya zinazobeba ishara za umeme kutoka kifaa kimoja cha sauti hadi kingine, kwa mfano kutoka redio au simu hadi amplifaya, au kutoka amplifaya hadi spika. Bei zake hutofautiana mno. Waya wa kawaida wa shaba huuzwa kwa mita kwa bei ndogo, ilhali baadhi ya makampuni ya Ulaya, Japani na Marekani huuza jozi moja ya nyaya za spika kwa maelfu ya dola.

Swali la kama nyaya ghali huboresha sauti limebishaniwa tangu miaka ya 1970. Vipimo vya umeme na majaribio ya kusikiliza yaliyosimamiwa vizuri vinaonyesha kwamba waya wa shaba wenye unene unaofaa, usio mrefu kupita kiasi na uliofungwa vizuri hautofautishwi kwa masikio na waya wa bei kubwa. Hata hivyo si kweli kwamba nyaya zote ni sawa. Waya mwembamba mno, mrefu mno, mbovu au usiofaa kwa kazi yake huharibu sauti, na kasoro hiyo hupimika.

Kazi ya waya wa sauti

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni hugeuza mtetemo huo kuwa mkondo wa umeme unaobadilika, amplifaya huukuza mkondo huo, na spika huugeuza tena kuwa mtetemo. Kati ya hatua hizo kuna waya. Kazi yake ni kufikisha ishara jinsi ilivyo, bila kuipunguza, kuibadilisha wala kuiongezea kelele. Waya hauwezi kuongeza kitu chema ambacho hakikuwemo katika ishara. Ulio bora kabisa ni ule usiofanya lolote, kwa hiyo kinachoulizwa ni waya wa kawaida unaharibu kiasi gani, na kama kiasi hicho kinasikika.

Sikio la mtu kijana mwenye afya husikia masafa ya Hz 20 hadi Hz 20,000 hivi, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyoongezeka. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli (dB). Katika maisha ya kawaida tofauti ya dB 1 kati ya sauti mbili ni ndogo kutambulika. Katika mazingira tulivu, mtu aliyezoea kusikiliza huweza kutambua tofauti ndogo zaidi. Ndiyo maana katika majaribio ya kitaalamu viwango vya sauti husawazishwa hadi tofauti isizidi dB 0.1.

Sifa za umeme za waya

Ukinzani

Sifa iliyo muhimu kuliko zote kwa waya wa spika ni ukinzani, ambao hupimwa kwa omu (Ω). Ukinzani huongezeka waya unapokuwa mrefu na hupungua waya unapokuwa mnene. Hutegemea pia metali yenyewe. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko metali zote, shaba huifuata kwa karibu, kisha dhahabu, kisha alumini.

Spika nyingi za nyumbani huandikwa 4 Ω au 8 Ω. Mkondo hupita kwanza katika waya ndipo ufike kwenye spika, na sehemu ya nguvu hubaki njiani. Jedwali lifuatalo linaonyesha hesabu kwa waya wa shaba wenye urefu wa mita 5 kutoka amplifaya hadi spika ya 8 Ω. Kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, urefu unaohesabiwa ni mita 10.

| Unene wa waya (eneo la mkato) | Ukinzani | Upungufu wa sauti |
|---|---|---|
| mm² 0.5 | 0.34 Ω | dB 0.37 |
| mm² 0.75 | 0.23 Ω | dB 0.25 |
| mm² 1.5 | 0.11 Ω | dB 0.12 |
| mm² 2.5 | 0.07 Ω | dB 0.07 |
| mm² 4 | 0.04 Ω | dB 0.05 |

Kutoka mm² 0.5 hadi mm² 2.5 kuna faida inayopimika. Kutoka mm² 2.5 hadi mm² 4 faida ni ndogo sana. Iwapo waya wa mm² 2.5 utatengenezwa kwa fedha tupu badala ya shaba, ukinzani wake utapungua kwa 0.005 Ω tu, na sauti itaongezeka kwa chini ya sehemu moja ya mia ya desibeli. Faida hiyo hiyo hupatikana kwa kununua waya wa shaba ulio mnene kidogo zaidi.

Ukinzani wa waya huweza pia kubadili kidogo uwiano wa sauti nene na nyembamba, kwa sababu spika iliyoandikwa 8 Ω haibaki 8 Ω katika masafa yote. Spika moja inaweza kuwa na 4 Ω katika masafa fulani na 20 Ω katika mengine. Kwa waya wa mm² 0.5 uliotajwa hapo juu, upungufu utakuwa dB 0.7 penye 4 Ω na dB 0.15 penye 20 Ω. Tofauti hiyo ya zaidi ya nusu desibeli inaweza kutambuliwa na msikilizaji makini. Kwa waya wa mm² 2.5 tofauti hiyo hushuka hadi karibu dB 0.1. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule ulioandikwa kwenye spika.

Kapasitansi na induktansi

Nyaya mbili zinapokwenda sambamba huhifadhi chaji kidogo ya umeme kati yake (kapasitansi), na mkondo unaopita hujenga uga wa sumaku unaopinga mabadiliko ya mkondo huo (induktansi). Tabia hizi mbili huweza kupunguza masafa ya juu. Kwa urefu wa kawaida wa nyumbani athari yake ni ndogo mno. Kebo ya mita 1 kati ya kicheza CD na amplifaya, yenye kapasitansi ya pikofaradi 100, ikiunganishwa na kifaa chenye ukinzani wa kutolea wa 1,000 Ω, huanza kupunguza ishara kwenye masafa ya karibu Hz milioni 1.6. Hayo ni mara 80 ya kikomo cha sikio la binadamu.

Historia ya biashara

Kwa miongo mingi watu waliunganisha spika zao kwa waya wa kawaida wa taa au waya mwembamba uliokuja pamoja na redio. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Noel Lee, mhandisi na mpiga ngoma, alianza kuuza nyaya nene za spika kwa jina la Monster Cable. Hoja ya awali ilikuwa na msingi wa kweli, kwani waya mwembamba mno kwa spika zenye ukinzani mdogo hupoteza nguvu. Biashara ilipokua, makampuni mengine mengi yaliingia, na hoja zikahama kutoka unene wa waya kwenda kwenye usafi wa metali, namna ya kusuka nyuzi, aina ya ganda la nje na mengineyo. Wauzaji wa vifaa vya sauti walizipenda kebo kwa sababu faida yake ni kubwa kuliko ile ya amplifaya au spika zenyewe.

Hoja za watengenezaji

Shaba isiyo na oksijeni. Nyaya nyingi hutangazwa kuwa zimetengenezwa kwa shaba ambayo oksijeni imeondolewa. Shaba hiyo ipo kweli na ina matumizi muhimu viwandani. Lakini shaba ya kawaida ya nyaya za umeme nayo ni safi sana, na uwezo wa aina hizo mbili kupitisha umeme hutofautiana kwa asilimia 1 hivi. Kuongeza unene wa waya kwa asilimia 1 huleta matokeo yale yale.

Plagi za dhahabu. Dhahabu hupitisha umeme kwa kiwango cha chini kuliko shaba na fedha. Faida yake ni kwamba haishiki kutu. Mahali penye unyevu na hewa ya chumvi, kama mwambao wa Afrika ya Mashariki, plagi iliyopakwa dhahabu hudumu ikiwa safi kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ni faida ya uimara, na haipaswi kudhaniwa kuwa ya ubora wa sauti.

Mkondo kupita juujuu. Ni kweli kwamba mkondo geu wenye masafa ya juu hupendelea kupita karibu na uso wa waya. Katika shaba, kwa Hz 20,000, kina cha mkondo huo ni karibu milimita 0.5. Kwa nyaya za spika za unene wa kawaida hali hiyo huongeza ukinzani kidogo tu katika masafa ya juu kabisa. Ni tatizo kubwa katika mitambo ya redio, ambayo masafa yake ni mamilioni ya Hz.

Mwelekeo wa waya. Baadhi ya nyaya huwa na mshale unaoonyesha upande wa kuelekezea spika. Ishara ya sauti ni mkondo geu. Sauti ya Hz 1,000 hugeuza mwelekeo wake mara 2,000 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa kawaida hauna mbele wala nyuma. Mshale huwa na maana katika baadhi ya kebo zenye kinga ya nje iliyounganishwa upande mmoja tu.

Kuzoeshwa. Husemwa pia kwamba waya mpya hauna budi kutumika saa nyingi kabla ya kutoa sauti yake halisi. Spika, yenye sehemu zinazocheza, inaweza kulegea kidogo katika matumizi ya mwanzo. Waya hauna sehemu ya aina hiyo. Kinachozoea katika saa hizo ni sikio la mnunuzi.

Majaribio ya kusikiliza

Vipimo vya mitambo havikuwaridhisha wote, kwa kuwa wapenzi wa nyaya ghali husema sikio husikia mambo ambayo mtambo haupimi. Njia ya kuamua ni kumpa mtu asikilize bila kujua ni waya gani unaotumika. Jaribio linalojulikana zaidi ni la ABX. Msikilizaji husikia A, husikia B, kisha husikia X ambayo ni mojawapo ya hizo mbili, na hutakiwa kusema ni ipi. Wanasayansi wa Bell Laboratories nchini Marekani walilieleza jaribio la namna hiyo mwaka 1950, na mwaka 1982 David Clark alichapisha maelezo ya kifaa cha kulifanyia kazi katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti.

Matokeo huhesabiwa kwa kanuni za uwezekano. Mtu anayebahatisha hupata nusu ya majibu. Akijaribu mara 16 na kupata 12 au zaidi, uwezekano kwamba ni bahati tu ni chini ya asilimia 4. Akipata 9 kati ya 16 hajaonyesha kitu.

Mnamo Agosti 1983 gazeti la Marekani Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill lililolinganisha nyaya za Monster Cable na nyaya za kawaida. Waya mwembamba sana ulitambuliwa katika baadhi ya vipimo, jambo linaloelezwa na ukinzani wake. Lakini kati ya waya ghali na waya wa kawaida wenye unene wa kutosha, muziki ulipotumika na viwango vya sauti viliposawazishwa, wasikilizaji hawakuonyesha uwezo wa kutofautisha kwa uhakika.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua madai yasiyo na ushahidi, alisema tuzo ya taasisi yake ya dola milioni moja ingetolewa kwa yeyote atakayetofautisha kwa kusikia tu nyaya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na nyaya za kawaida zilizo nzuri. Michael Fremer, mwandishi wa habari za vifaa vya sauti, alikubali kujaribiwa. Kampuni ya Pear ilijitoa na jaribio halikufanyika. Kwa hiyo tukio hilo, ingawa hutajwa mara nyingi, halithibitishi upande wowote.

Wanaopinga majaribio haya husema kwamba msikilizaji huwa na wasiwasi na muda hautoshi. Hoja hiyo inastahili kujibiwa. Jaribio linaweza kufanyika nyumbani kwa msikilizaji, kwa vifaa vyake, kwa siku nyingi. Tena, katika hali hiyo hiyo ya kujaribiwa watu hutambua tofauti ndogo za ukubwa wa sauti na kasoro ndogo za rekodi zilizobanwa kidijitali. Jaribio linaloweza kufichua kasoro hizo lingefichua pia tofauti za nyaya ambazo wenyewe husema ni dhahiri.

Kwa nini watu husikia tofauti

Si haki kudhani kwamba kila anayesifu waya ghali anadanganya. Wengi wao husikia kweli wanachokisema, na sababu zake zinajulikana.

- Matarajio. Ubongo huunganisha yale yanayosikika na yale yanayojulikana. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walionja mvinyo mmoja uliotajwa kwa bei mbili tofauti. Walipoambiwa bei ni kubwa waliupenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilionyesha shughuli zaidi.
- Ukubwa wa sauti. Kati ya sauti mbili zinazofanana, iliyo kubwa kidogo husikika kuwa nzuri zaidi, hata pale ambapo msikilizaji hatambui kuwa ni kubwa.
- Mahali pa kukaa. Sauti hugonga kuta, dari na samani na kurudi. Kusogeza kichwa sentimita chache hubadilisha sauti za juu kuliko waya wowote unavyoweza.
- Kumbukumbu. Sikio husahau haraka undani wa sauti. Anayetumia dakika kadhaa kubadilisha waya hulinganisha sauti ya sasa na kumbukumbu iliyofifia.
- Kusafishwa kwa maungio. Kuchomoa plagi ya zamani na kuchomeka upya huondoa kutu. Sauti huboreka kweli, na sifa hupewa waya mpya.

Mahali ambapo waya huleta tofauti

Umbali mrefu. Katika misikiti, makanisa, viwanja vya shule na mikutano ya hadhara spika huwekwa mbali na amplifaya. Waya wa mm² 0.75 unaokwenda mita 50 una ukinzani wa 2.3 Ω, kwenda na kurudi. Spika ya 8 Ω mwishoni mwa waya huo hupata asilimia 60 tu ya nguvu ambayo ingepata kama ingefungwa karibu. Dawa yake ni waya mnene zaidi, au mfumo wa volti 100 unaotumia transfoma kwenye kila spika. Katika mfumo huo spika ya honi ya wati 30 huonekana kwa amplifaya kama 333 Ω, na upungufu kwa waya ule ule haufiki dB 0.1.

Gitaa la umeme. Gitaa lisilo na betri lina ukinzani mkubwa wa kutolea, kwa hiyo kapasitansi ya kebo huathiri sauti yake. Kebo ndefu hufanya sauti ya gitaa la solo kuwa butu kuliko kebo fupi. Tofauti hutokana na urefu na muundo wa kebo.

Mvumo na kelele. Maikrofoni hutoa ishara dhaifu sana, hivyo kebo yake huhitaji kinga ya metali. Kebo zenye nyaya mbili za ishara zilizosokotwa pamoja na kinga huifanya kelele iingie sawasawa katika nyaya zote mbili, kisha amplifaya huifuta. Mvumo wa Hz 50, yaani masafa ya umeme wa gridi, mara nyingi hutokana na vifaa kuungwa ardhini kwa njia zaidi ya moja, na kebo ya bei kubwa haiuondoi.

Alumini iliyopakwa shaba. Sokoni zipo nyaya zenye rangi ya shaba ambazo ndani ni alumini. Ukinzani wake ni zaidi ya ule wa shaba kwa nusu hivi, na hukatika upesi zikikunjwa. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu na ndani ukaonekana mweupe huku waya ukiwa mwepesi kuliko kawaida, yaelekea si shaba tupu. Tahadhari ni kwamba baadhi ya nyaya za shaba hupakwa bati kwa nje, nazo huwa nyeupe juu na nyekundu ndani.

Kebo za kidijitali

Kebo za HDMI, USB na zile za mwanga hupitisha namba, na wimbi la sauti lenyewe halipiti humo. Kifaa kinachopokea hutakiwa kutambua tu kama alama ni 0 au 1. Namba zikifika sawa, muziki uliomo ni ule ule. Kebo mbovu au ndefu kupita uwezo wake huleta makosa yanayojitokeza wazi, kama sauti kukatika, kupasuka au kupotea kabisa. Kebo ya namna hii haiwezi kufanya besi iwe tamu zaidi au sauti ya mwimbaji iwe laini zaidi.

Uchaguzi wa waya

Kwa spika za nyumbani zilizo ndani ya mita 5, waya wa shaba wenye nyuzi nyingi wa mm² 1.5 hadi mm² 2.5 hutosha. Kwa umbali zaidi unene huongezwa kulingana na urefu. Nyaya za spika za kushoto na kulia zifungwe kwa mpangilio mmoja wa chanya na hasi, maana spika moja ikigeuzwa besi hupungua sana. Nyuzi zisokotwe vizuri zisigusane, na maungio yakaguliwe mara kwa mara.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe anaweza kumwomba mtu mwingine abadilishe nyaya bila kumwonyesha, kwa kurusha sarafu ili kuamua waya wa kila zamu, na kuandika majibu angalau mara 16 kabla ya kuyalinganisha. Mwenye kubadilisha asitoe ishara yoyote. Jaribio hili halina gharama na linafaa kufanywa kabla ya kulipia waya ghali.

Fedha inayobaki ikitumika kununua spika bora, kuzipanga vizuri chumbani, au kuweka mapazia na mazulia yanayopunguza mwangwi, huleta mabadiliko ambayo kila aliyemo chumbani huyasikia bila kuambiwa.

Tazama pia

- Amplifaya
- Desibeli
- Maikrofoni
- Sheria ya Ohm
- Spika
- Ukinzani wa umeme